Nyavu Tupu na Mutoto wa Ziwa

Usinikunjie uso, sijaanza hata. Kama unafikiri ninatunga, nenda ukageuze chisense zako kwenye jua; samaki ile ndogo haina ubishi na mutu.

Nilipokuwa mutoto, kule ngambo ya ziwa Mweru, upande wa Kongo, mto mupana ulitutenga na nyumba ya masomo. Kila asubuhi bavuvi banatupakia kwenye bwato, banatushusha upande wa pili, ndipo banakwenda kuvuta nyavu zao ziwani. Tulipanda batoto bote, isipokuwa Feza, binti ya mama mudogo. Miguu yake ilizaliwa imekunjwa, ikabaki hivyo.

Nkambo wetu, mama ya mama, alikuwa na maelezo yake: "Huyu ni mutoto wa ziwa. Miguu yake, ziwa liliishika. Mukimupandisha bwato, ziwa litamudai, na samaki itakwenda."

Feza alikuwa na ulimi. "Nkambo, kama miguu yangu iko kule, si banipeleke nikaichukue?"

Tulicheka. Nkambo hakucheka.

Siku moja tata mudogo, ndugu ya baba, mwenye bwato, alichoka na kilio cha Feza cha kutaka masomo, akamunyanyua, akamukalisha mbele kabisa. Siku ile Feza alikaa chini kwenye kalasi, akaandika jina lake kwa mara ya kwanza, akakataa lifutwe. Bavuvi baliporudi, nyavu zilikuwa na majani tu. Nkambo alisimama pale pwani, mikono kiunoni.

"Nilisema ao sikusema?"

Feza hakupanda tena.

Batu banapenda kuishia hapo: onyo la mukubwa limetimia, amina. Lakini kesho yake Feza alibaki nyumbani, na nyavu zikatoka tupu vilevile. Na siku iliyofuata. Bavuvi balisema ni upepo, na kweli ulikuwa ukivuma. Feza akiwa bwatoni, sababu ni Feza. Akiwa nyumbani, sababu ni upepo. Mutoto mudogo angeliona hilo. Hakuna aliyekwenda kumuchukua. Alizeeka akipara samaki za batu, na neno alilojua kuandika mpaka kufa kwake ni lile jina.

Sasa ninakaa Nchelenge, upande wa Zambia, na ninalea mujukuu wangu, Ndaya. Masikio yake hayasikii, ila macho yake yanasoma midomo kuliko mimi ninavyosoma Biblia. Juzi nilimupeleka masomo. Mukubwa wa masomo, kijana mwenye tai, alitusimamisha mulangoni mwa kalasi.

"Ba mayo, mama, ni kwa faida yake. Kuna masomo ya batoto kama yeye, kule mbali. Hapa atachelewesha benzake, matokeo ya mutihani yatashuka."

"Mwaka jana yalipanda?"

Alikohoa. "Mwaka jana yalishuka. Hatukuwa na vitabu."

"Na Ndaya alikuwa ndani?"

Batoto ndani balianza kucheka.

Nimechoka. Nkambo hakujua kusoma, alimuogopa Mungu na ziwa. Huyu amesoma, na faida ya mutoto anaitamka vizuri kabisa, huku ameziba mulango na mwili wake. Nilipita chini ya mukono wake. Nikamukalisha Ndaya benchi ya mbele, nikamugeukia mwalimu.

"Ukiongea, umuangalie yeye. Usiongee na ubao."

Mukubwa akaita, "Ba mayo! Ba mayo, tafadhali!"

Nikatoka, nikafunga mulango. Ndaya alikuwa ndani.