Picha ya Shukrani ya Wistin

Mjomba Wistin alikuwa mpishi kwenye manowari ya watu mia saba, na hakujua kuogelea. Hapa Birgu, mji wetu wa bandari kisiwani Malta, walimcheka kwa hilo. Yeye alisema kazi yake ni makaroni, kuelea ni kazi ya meli.

Asubuhi moja ya vita mizinga ya adui iliipasua meli ile, na kati ya Wamalta tisa wa jikoni akarudi yeye tu. Akiwa majini alimwekea Bikira Maria nadhiri, kama wafanyavyo mabaharia wetu: akiokoka atachoresha picha ya siku ile aitundike kanisani. Picha ikachorwa. Meli inazama, Bikira yuko winguni, Wistin peke yake juu ya boya. Lakini ikakaa miaka mitatu chini ya kitanda, kwa sababu anayefagia kanisa ni Karmena, mjane wa Nenu, mpishi mwenzake.

Nilidhani anaona haya kushukuru mbele ya mjane. Haikuwa hivyo tu.

Mwishowe Karmena akasikia habari za picha, maana mke wa mchoraji hana siri. Akaja kwetu mchana, akaivuta picha mwenyewe, akaitazama sana.

"Huyu mwembamba ni nani? Tumbo lako liko wapi, shemeji?"

Mjomba hakucheka. Akamweleza kwamba Nenu alimshika kidevu juu ya maji karibu saa nzima, mpaka likapita boya lenye nafasi ya mtu mmoja. Nenu akampandisha yeye, akabaki ameshika kamba, baridi ikamlegeza mikono.

"Angekuwa peke yake, boya lingekuwa lake. Mimi ndiye niliyemmaliza, Karmena."

Karmena akakaa kitandani. Nikamletea maji, hakunywa.

"Miaka mitatu naota anaita, hakuna anayeitika," akasema. "Kumbe mlikuwa wawili. Asante kwa kuniambia. Ila uongo huu hauingii kanisani kwangu."

Wakaenda wote kwa mchoraji. Alinung'unika kwamba rangi imeshakauka, kisha akalifunika boya kwa rangi mpya, akamshusha mjomba majini, akamchora Nenu nyuma yake, mkono chini ya kidevu. Masharubu aliyarudia mara mbili mpaka Karmena akaridhika.

Jumapili mjomba alipanda ngazi akagonga msumari huku analia, na Karmena, aliyeishika ngazi, akamwambia ainue kidogo upande wa Nenu.