Picha Alizompigia Hiske

Wobbe alikuwa haipendi kamera, na sababu yake aliisema mbele ya yeyote aliyemvumilia: picha haina uzito. Yai ukilitia kiganjani lina joto lake, alisema, picha utaitia wapi? Maisha yake yote aliendesha lori la maziwa, akizunguka mashamba ya ng'ombe ya huku kwetu Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, na hakuna lango ambalo hakujua linavyofunguliwa. Mimi nimekaa mlango wa pili naye tangu nilipoolewa, kwa hiyo hadithi ya yai nimeisikia mpaka nikaichoka.

Yai lenyewe ni la kishungi. Kila watu wana wazimu wao, na wa kwetu ni ndege huyu: mweusi mgongoni, mweupe tumboni, na unyoya umesimama kisogoni kama mtu aliyeamka vibaya. Baridi ikianza kulegea hutaga chini, kwenye nyasi fupi, na anayeliona yai la kwanza la mwaka anatembea kifua mbele wiki nzima. Zamani uliliokota ukalipeleka nyumbani ndani ya kofia. Siku hizi kuokota kumekatazwa, maana ndege wanakwisha. Unapiga picha, unasimika vijiti mbali kidogo ili mwenye shamba asije akapita na trekta, unakwenda zako. Wobbe alisusa. Alitafuta kama kawaida, na upondo wake wa kurukia mitaro begani, akipata yai alilitazama, kisha akarudi kumwambia mkewe peke yake.

Mkewe alikuwa Hiske, binti wa mfugaji, na kusema kweli macho yake yalikuwa makali kuliko ya mumewe. Wobbe alimposa kwa yai. Alisimama mlangoni kwa baba mkwe, kofia mkononi, yai ndani ya kofia, na maneno hakuna.

“Wenzangu waliletewa pete,” Hiske alikuwa akisema. “Mimi nililetewa kiamsha kinywa.”

Kila mwezi wa tatu waliingia mashambani wawili hao, yeye mbele, mumewe nyuma, wakibishana. Ukiwasikia kwa mbali ungedhani wanaachana.

Halafu ugonjwa ukamwingia Hiske kwenye kongosho. Mgonjwa haulizwi uji, lakini huyu alitaka aulizwe kila kitu, na madaktari walipomwambia hawana tena la kufanya aliwauliza kwa nini basi bado yuko kwao. Tukamrudisha nyumbani. Kitanda kikawekwa sebuleni, mbele ya dirisha kubwa linalotazama malishoni. Binti yao Rixt akaja kutoka mjini na kamera yenye lenzi inayovuta mbali, akaiweka mezani mbele ya baba yake.

“Baba, mama hawezi tena kuvuka mitaro. Mletee malisho hapa.”

“Mimi? Na kidude hiki?”

“Chukua, we mzee,” Hiske akasema kutoka kitandani. “Uliweza lori zima, kitufe kimoja ndicho kikushinde?”

Kwa hiyo akajifunza, na aliyeteseka ni mimi. Alimpiga picha paka wangu, akaupiga ua wangu wa miti, asubuhi moja nikamkuta anazilenga nguo zangu kambani.

“Wobbe! Chupi zangu zinakuhusu nini?”

“Najifunza mwanga, Baukje.”

“Kajifunzie kwako!”

Hiske alicheka mpaka muuguzi akaja kumshika mbavu. Alizikuza zile picha za kamba kwenye kishikwambi alichoachiwa na Rixt, akaniambia elastiki zimechoka, ninunue nyingine.

Baada ya hapo Wobbe akawa anatoka kila asubuhi muuguzi akishafika. Sikutegemea kwamba ataipenda kazi ile, wala yeye hakutegemea. Alirudi na barafu inayoachia ukingo wa mtaro, na vijiti vya mwereba, ule mti wa kando ya maji, vyenye vimanyoya vya kijivu, na sungura wawili wanaopigana ngumi. Alimrudishia Hiske hadi rangi usoni. Siku moja nilimwona amelala kifudifudi kwenye tope, mtu mzima, anapiga ua moja la manjano lililotoka kabla ya wenzake. Aliporudi Hiske alimfuta kidevu kwa shuka lake mwenyewe, na wote wawili wakainamia kile kioo kama watoto wanaogawana peremende. Nilikwenda kuosha vikombe. Si kila kitu jirani anapaswa kukitazama.

Hiske alitaka kitu kimoja: yai la mwaka huu. Na Wobbe alitaka kimoja vilevile, akaniambia kutoka upande wake wa ua wa miti, bila kunitazama. Mama yake alifariki yeye akiwa barabarani na lori, akamkuta ameshafunikwa. Hiske akiondoka, alisema, anataka awe amemshika mkono. Hilo tu. Ndiyo maana kila alipotoka na kamera alikuwa anageuka nyuma, anatazama dirisha, kisha anaongeza mwendo.

Yai alilipata siku yenye upepo wa kukata masikio. Sasa, sheria ya kwetu hata mtoto wa chekechea anaijua: ukiliona, piga, ondoka. Ukiganda hapo mama yake hatulii, yai linapoa, na kunguru juu ya nguzo anaandika anwani. Hakuna aliyeijua sheria hiyo kuliko Wobbe. Lakini picha ya kwanza ilitikisika. Ya pili wingu likapita. Akachutama kungoja jua, ndege anazunguka juu ya kichwa chake akilia, naye anambembeleza, “Kidogo tu, mama, kidogo tu, ni kwa ajili ya Hiske.” Alinisimulia hayo mwenyewe.

Ilitoka picha nzuri sana, lazima niseme. Madoa yote yalionekana. Hiske aliweka kidole juu ya kioo, akalia kwa furaha, na Wobbe akasimama pale soksi zikichuruzika maji kwenye zulia nililowaazima, nami nikaenda kuleta tambara.

Kesho yake alirudi kupiga yai la pili, akakuta maganda.

“Usimwambie,” aliniomba. “Kishungi hutaga manne. Hiske anangoja la pili.”

“Utamwonyesha nini?”

“Nitatafuta kiota kingine.”

Akatafuta kweli. Kutoka asubuhi mpaka miguu inamtetemeka, yeye na miaka yake, anavuka mitaro kwa upondo. Hiske akiuliza anaambiwa leo mwanga ulikuwa mbaya. Mwishowe, upande wa pili wa mfereji mkubwa, akapata kiota chenye mayai matatu. Safari hii alipiga kwa mbali, haraka haraka, akakimbia nyumbani.

Hiske alikitazama kile kioo muda mrefu.

“Hiki si kile.”

“Ndicho.”

“Wobbe. Kile kilikuwa ndani ya alama ya kwato. Hapa kuna kwato wapi?” Akakilaza kioo mapajani. “Kunguru?”

Wobbe akaitazama kahawa yake. “Kunguru.”

“Nilijua tangu siku ile. Picha zako za mwanzo kivuli chako hakimo. Za mwisho kimefika kando ya yai. Ulikaa mno.”

“Nilitaka itoke vizuri.”

“Imetoka vizuri,” akasema Hiske, kwa upole ambao sikuuzoea kwake. “We mzee, hujui tu wakati wa kuondoka.”

Wobbe alipotoka kwenda kuleta kuni, Hiske alinishika kiwiko. Vidole vilikuwa vimebaki mifupa. Akaniambia wazi, maana hakuwa mtu wa mafumbo: Wobbe akiwa pale, yeye hawezi kwenda. Kila akifumba macho anaitwa. Kila pumzi ikichelewa anatikiswa. Alikuwa amechoka.

“Mtoe nje, Baukje. Siku itakapofika. Atakusikiliza.”

“Mimi? Nimdanganye mtu anayetaka kukushika mkono tu? Mfukuze mwenyewe!”

Niliwakasirikia wote wawili. Mmoja anataka kuwapo, mwenzake anataka asiwepo, na mimi nimewekwa katikati kama mlango. Nikaenda kwangu, nikakanda mkate ambao hakuna aliyeuhitaji, nikalia juu ya unga.

Siku yenyewe ilikuja na jua. Mtu ambaye hajakaa kipupwe chetu hawezi kujua jua lile linavyoingia mwilini. Watu walitoa viti nje, mifugo ilipiga kelele mabandani ikitaka kutoka, na mimi nikalifungua lile dirisha kubwa kwa mara ya kwanza mwaka ule. Muuguzi alikuwa ameshatuambia, akiwa anavaa koti: leo, au usiku wa leo. Rixt alikuwa njiani. Wobbe amekaa kando ya kitanda, mkono wa Hiske ndani ya mikono yake miwili.

“Nenda ukanipigie picha,” Hiske akasema.

“Sitoki leo.”

“Nina mwezi mzima wa mawingu. Niletee jua.”

“Hiske, tafadhali.”

“Usinibembeleze. Na usisogelee kiota. Kaa mbali.”

Wobbe akanitazama. Mimi nikamtazama paka. Alisimama, akatia kamera shingoni, akambusu Hiske kwenye paji la uso, akafika mlangoni, akarudi, akambusu tena. Na sisi si watu wa kubusiana mbele ya jirani. Kwa hiyo nasema alijua. Nitaapa kwamba alijua.

Nilisimama dirishani, kwa sababu Hiske hakuweza tena kuinua kichwa, na alitaka kujua.

“Amefika wapi?”

“Kwenye lango.”

“Amelifunga?”

“Amelifunga.”

“Sasa?”

“Anavuka mtaro. Amevuka. Ameloana mguu mmoja.”

Nikamsikia anacheka, au kitu kama kicheko. “Sasa?”

“Amesimama katikati ya malisho. Anainua kamera.”

“Anapiga nini?”

“Ndege,” nikasema, maana angepiga nini kingine? Vishungi walikuwa juu yake kweli, wanabingirika angani na kulia, wengi kuliko tuliowaona siku nyingi.

“Yuko mbali?”

“Yuko mbali.”

“Vizuri,” akasema.

Nikaendelea kumpa habari. Nikamwambia nyasi zimegeuka rangi, nikamwambia bata wametua mtaroni, nikamwambia mzee wake hasogei, amesimama palepale na kamera usoni kama nguzo. Nikamwambia jirani yetu wa kona ametoa meza nje, mpuuzi, ataugua mafua. Nilisema mengi. Ilinipitia akilini kwamba haniulizi tena, nikageuka.

Sikumpigia Wobbe simu. Simu yake ilikuwa mezani, ameiacha. Nilimfumba Hiske macho, nikamnyoosha mikono, kama inavyompasa jirani wa mlango wa pili huku kwetu, nikakaa.

Alirudi bila haraka. Nilisikia viatu vyake vya mti vikiwekwa mlangoni, kimoja, kingine. Akaingia kwa soksi.

“Usiseme,” akaniambia.

Akakaa kwenye kiti chake, akaushika mkono, akaona ulivyo, akaendelea kuushika. Kwa mkono mwingine akawasha kamera, akakigeuza kioo kuelekea uso wa mkewe, akaanza kumwonyesha picha moja baada ya nyingine, polepole, kama kila siku. Nilisogea nami nione vishungi.

Hakukuwa na kishungi hata mmoja. Zote zilikuwa za nyumba. Ameivuta kwa ile lenzi mpaka dirisha limejaa: fremu nyeupe, mto mweupe, kitu cheupe juu ya mto ambacho ni nywele za Hiske, na mimi nimesimama kando na aproni yangu, mdomo wazi. Picha baada ya picha. Asubuhi nzima ya jua alikuwa ametazama huku.

“Nilikaa mbali,” akamwambia. “Kama ulivyosema.”

Alipofika mwisho akanigeuzia kamera. 

“Baukje. Ilikuwa ipi?”

“Ipi nini?”

“Katika hizi. Ya mwisho akiwa hai ni ipi?”

Nilizitazama zote. Nilizirudia, kwa sababu aliniomba, na kwa sababu nilitaka mno nimpe moja. Kwenye kila picha mimi nimetazama nje, naongea. Nikamwambia kweli: sijui. Nilikuwa nakutazama wewe.

“Haya,” akasema Wobbe, akairudisha kamera kwenye picha ya kwanza, akaanza upya.