Pipa la Bi Tahadhari

Jina la Bi Tahadhari hakuzaliwa nalo. Alilipata kazini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, alikofua mashuka kwa miaka kumi na tisa. Mwaka fulani mafuriko yaliwakimbiza watu majumbani, wakaletwa hospitalini na walichowahi kushika tu. Huyu ana kiatu kimoja, yule ana mwavuli, na mzee mmoja kashika rimoti ya televisheni. Rimoti! Ameacha dawa, ameacha meno ya bandia, ameokoa rimoti. Wafuaji wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Jioni ile alirudi nyumbani, akazunguka chumba baada ya chumba akijiuliza yeye angeshika nini, akagundua hajui. Kesho yake alipowasimulia wenzake, wakambandika jina hilo.

Tangu hapo watu wa nyumba ile hawakupumua. Kabati la vyombo lilipigiliwa ukutani kwa skrubu lisije likamwangukia mtu. Chupa tupu za soda zilijazwa maji ya kunywa na kupangwa chini ya vitanda, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi yalibadilishwa, ya zamani yakamwagwa kwenye maua. Mashuka makuukuu yalichanwa kuwa bendeji, yakachemshwa, yakapigwa pasi. Kando ya mlango wa jikoni likasimama pipa la plastiki la buluu, lenye mfuniko wa kubana. Ndani mlikuwa na tochi, betri, redio ndogo, kamba, sabuni, filimbi, jiko la mafuta na kiberiti kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni kama dhahabu.

Mumewe, fundi baiskeli, mtu mpole asiyependa makuu, ndiye aliyetoboa matundu yote ya skrubu bila kunung'unika. Siku moja tu ndiyo alithubutu kusema, "Mke wangu, mimi nikifa, nitakuwa nimekufa nimejiandaa vizuri sana." Alifukuzwa jikoni akiwa na mswaki mdomoni.

Mtihani hasa ulikuwa mama mkwe. Bibi, kama alivyoitwa na wote, alihamia kwa mwanawe baada ya ugonjwa wa sukari kumzidia, akawa wa kuchomwa sindano ya insulini asubuhi na jioni. Ugonjwa ulimpunguza mwili, haukumpunguza mkono. Mtu akibisha hodi kuomba kitu, Bibi hakuweza kusema hakipo hali anajua kipo, na alijua kipo wapi. Tochi ilikwenda kwa kinyozi. Redio ilikwenda kwa mlinzi. Kila Bi Tahadhari alipofungua pipa kukagua, alikuta pengo.

"Mama, kamba iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Kwa mwenye mbuzi. Mbuzi alikuwa anakula nguo za watu kwenye kamba zao. Hiyo si dharura?"

"Mama, dharura ni jambo kubwa!"

"Kwa mwenye nguo lilikuwa kubwa."

Bi Tahadhari akaenda kununua kamba nyingine.

Dhoruba ilikuja Jumanne saa nane mchana. Iliezua mabati, ikaangusha nguzo za umeme mtaa mzima, na kufikia jioni daraja la kwenda mjini lilikuwa chini ya maji. Ndani ya nyumba yao halikuingia hata tone. Lakini asubuhi mvua ilikatika, jua likatoka na hasira zake zote, na friji ilikuwa kimya. Mlangoni mwa friji zilikuwemo chupa nne ndogo, insulini yote ya Bibi. Joto likizipata zitaharibika, na nyingine haipatikani mpaka daraja lipitike. Mgonjwa wa sukari akikosa dawa anachukua siku ngapi, Bi Tahadhari hakuhitaji kuuliza. Alishafua mashuka ya wodi yao hospitalini.

Hata hivyo hakubabaika, kwa sababu hili alilifikiria zamani. Nesi mmoja aliwahi kumfundisha: unachukua chungu kidogo, unakitia ndani ya kikubwa, katikati unajaza mchanga, unaumwagia maji, juu unafunika kitambaa kibichi. Ukiviweka kivulini penye upepo, ndani kunapoa bila umeme. Alishanunua vyungu vyote viwili akaviweka nyuma ya pipa. Akaenda kuvichukua. Kikubwa kipo. Gunia la mchanga lipo. Kidogo hakipo.

"Mama!"

Binti yake wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa anasoma jikoni, alifunga daftari akatoka nje polepole. Sauti ile aliijua.

"Nilimpa fundi cherehani aoteshee miche ya nyanya," Bibi alisema. "Juzi kikampasukia. Alikuja kuomba radhi, masikini."

"Kilikuwa cha dawa yako, Mama! Yako! Kila ninachoweka kwenye nyumba hii unakigawa. Kwani unataka nini?"

Bibi alinyoosha fimbo yake kuelekea pipa. Kwenye mfuniko kulibandikwa kipande cha katoni. Binti ndiye aliyeandika hapo kwa kalamu nene, mama yake akimtajia, kazi ya kila mmoja siku ya hatari.

"Nisomee."

"Mama, huu si wakati wa..."

"Nisomee. Mjukuu wangu alishanisomea, nataka nikusikie wewe."

Bi Tahadhari akasoma. Baba: jiko na mafuta. Mama: hati na pesa. Binti: tochi na redio. Vya kubebwa: maji, godoro, Bibi.



"Baada ya godoro," Bibi alisema. "Nimezaa sita. Nimezika mume. Nimejenga nyumba nikibeba tofali na mtoto mgongoni. Leo nimeandikwa baada ya godoro. Basi kila nikiliona hilo pipa, mkono unaniwasha."

Bi Tahadhari aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayokufanya usijue pa kuweka mikono. Alikuwa amemwandika pale kwa kumpenda. Katika watu wote wa nyumba ile, huyu ndiye aliyemhofia zaidi. Lakini ile katoni haikusema hivyo, na yeye mwenyewe hakuwahi kusema. Aliibandua akaichana vipande vipande, kisha akakaa sakafuni karibu na miguu ya mama mkwe wake.

"Nisamehe, Mama. Sasa tufanyeje? Mimi nimeishiwa."

Maneno hayo Bibi hakuwahi kuyasikia kutoka mdomo ule. Akajiweka sawa kitini.

"Chungu cha kuingia humo anacho mwalimu mstaafu, yule wa pale kona. Anawekea maji ya kunywa."

"Nimtume binti?"

"Umtume nani? Mwalimu ana ndoo yangu tangu mwaka juzi. Nitakwenda mwenyewe. Wewe chekecha mchanga."

Akavaa mabuti ya mvua ya mwanawe, yaliyompwaya kama nini, akaingia kwenye tope na fimbo yake. Safari ya dakika tano ilimchukua karibu saa nzima, maana hakuna mlango aliopita bila kusimama kuuliza hali. Bi Tahadhari alisimama getini akitafuna kucha, akikaza miguu isimfuate. Hatimaye wakatokea, mwalimu mbele amekumbatia chungu, Bibi nyuma akimwelekeza pa kukanyaga.

Walivipanga vyungu kwenye kibaraza cha nyuma. Chupa zikatiwa kwenye mfuko mkavu, zikashushwa ndani. Bibi akatangaza kwamba kumwagia maji ni kazi yake, na asiingilie mtu. Kuanzia hapo saa kumi na mbili asubuhi alikuwa ameshaamka yuko pale na kopo, mchana yuko pale, jioni yuko pale. Mwanawe aliposimama mlangoni kunywa chai alikemewa: "Toka hapo, unazuia upepo wa dawa yangu!" Fundi baiskeli wa watu akawa anapita nyumbani kwake kama mgeni.

Siku ya tano daraja lilipitika kwa miguu, nesi anayempima Bibi kila mwezi akaja. Alitia mkono chunguni, akazikagua chupa moja moja, akampima Bibi sukari. Ilikuwa nzuri kuliko ya mwezi uliopita.

"Nani anaitunza dawa hii?"

"Mimi," alisema Bibi kabla mwingine hajafungua mdomo.

Siku ya sita umeme ulirudi. Friji ikatetemeka ikaanza kunguruma, mtaa mzima ukapiga kelele za furaha. Bi Tahadhari alitoka mbio mpaka kibarazani, akafunua kitambaa, akazikusanya chupa zote nne.

"Unazipeleka wapi?" aliuliza Bibi, kopo mkononi.

"Kwenye friji, Mama. Umeme umerudi!"

"Ee. Ni sawa." Bibi alitazama ndani ya kopo. Kisha akasema taratibu, bila utani wowote: "Sasa kesho saa kumi na mbili niamke nifanye nini?"

Bi Tahadhari alisimama pale na chupa zake. Tatu, ambazo hazijafunguliwa, alizitia mfukoni. Ya nne, inayotumika, aliirudisha chunguni akaifunika vizuri.

"Hii iliyofunguliwa nesi amesema inakaa vizuri humu humu," alisema. "Ila hicho kitambaa kimeanza kukauka, Mama."

Bibi alikuwa ameshachota maji.