Rangi Kwenye Koo la Redio

Harufu ya rangi ya mafuta, ile ya kijivu waliyokuwa wakipakia mageti ya mgodi, ikichanganyika na harufu ya pombe ya moshi, hunirudisha Mpanda kwa haraka kuliko treni yoyote. Watu wenye utoto wa heshima hurudishwa nyumbani na harufu ya mkate au ya maua. Mimi nikipita karibu na fundi anayepaka grili, nasimama njiani na mkoba wangu wa mwalimu wa chuo, navuta pumzi kama mlevi, na wanafunzi wanaopita huniamkia wakiwa na wasiwasi.

Tulikaa Shanwe, miaka ya hamsini, nyumba zikiwa chache na mchwa wakiwa wengi. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, na ukisahau kikapu sakafuni usiku, asubuhi unaokota kishikio tu. Kwa hiyo kila kitu cha mti kilichoingia ndani mwetu kilipakwa rangi kabla hakijatumiwa: viti, miguu ya kitanda, sanduku la nguo, hata mchi. Watu wa mgodini walipata mabaki ya rangi kwenye madebe, na akina mama wa mtaa ule walipaka kama wengine wanavyofagia. Mgeni angeweza kudhani sote tulikuwa mali ya mgodi, na kwa namna fulani tulikuwa.

Baba yangu alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga mawe, na mashine ile ilikuwa imemla masikio. Mtu akisema naye alitazama midomo, akatikisa kichwa kwa adabu, kisha akajibu jambo jingine kabisa. Taratibu watu wakaacha kumsemesha, naye akaacha kucheka. Halafu Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao akamuuzia redio ya betri, sanduku la mbao lenye kitambaa mbele. Baba aligundua kwamba akiegemeza kichwa chake juu ya mbao zile, mfupa wa shavu ukigusa sanduku, maneno yanamfikia. Kila jioni alikaa hivyo, amelikumbatia kama anabembeleza mtoto, na mara nyingine mabega yake yalitikisika kwa kicheko. Mama hakuwa mtu wa taarifa za habari; zilipoanza alikwenda jikoni. Lakini nilimwona akisimama mlangoni na mwiko mkononi, akimtazama anavyocheka.

Ndiyo maana mama aliipaka rangi redio ile. Baba alikuwa amesafiri kwa treni kwenda Tabora na mizigo ya kazini, na mama akaona njia ya mchwa, ule mstari mwembamba wa udongo, ikipanda mguu wa meza kuelekea redio. Hakulala vizuri. Kulipokucha alifungua ubao wa nyuma, akapaka sanduku nje na ndani. Mle ndani akakuta spika, na kwenye spika akakuta karatasi nyeusi iliyokunjwa kama faneli. Karatasi. Kila mwanamke wa Shanwe alijua mchwa huanza na karatasi. Akachukua unyoya wa kuku, kwa sababu brashi ilikuwa nene, akaipaka karatasi ile kwa upole, mkunjo kwa mkunjo, mara mbili.

Rangi ilipoanza kushika, tukawasha. Ikatoka ngurumo ndogo, kama mtu anayeongea akiwa ameviringishwa godoro. Mama alizungusha kitufe mpaka mwisho. Kisha akazima, akakaa sakafuni, akasema kwa sauti ya chini, "Nimemzibia baba yako."

Aliyetuokoa, kwa kiasi alichoweza, ni bibi mzaa baba, aliyekaa chumba cha uani na aliyeniita mke mwenzake. Mama alishaanza kujaribu kuitoa rangi kwa mafuta ya taa, akianza na kitambaa cha mbele, na kitambaa kikawa na doa lenye umbo la ini. Bibi akamnyang'anya tambara.

"Hayo yatalowesha karatasi iwe kama uji. Mke mwenzangu, nenda chini ya kitanda changu, ulete dawa ya mgongo."

Dawa ya mgongo ilikuwa chupa ya moshi, kitu ambacho askari wakikikuta walikichukua pamoja na mwenyewe. Bibi alikuwa akitolea rangi kwenye kucha zake kila alipomaliza kumsaidia mama kupaka viti. Akamimina kidogo kwenye kisahani, halafu kidogo mdomoni.

"Mama, hiyo ni ya redio," mama alisema.

"Na fundi je, afanye kazi mkavu?"

Tukafungua spika kwa kisu cha jikoni, tukailaza kifudifudi juu ya kanga. Vidole vya watu wazima havikupita kati ya mbavu za chuma zilizoshika ile karatasi; vyangu vilipita. Nikazungushia pamba kwenye kijiti, nikagusa, nikangoja rangi ilainike, nikainua bila kusugua. Bibi aliamuru, mama alinishikia kiwiko. Pamba ilitoka ya kijivu, tena ya kijivu. Karatasi ikilegea tuliacha, tukaipepea kwa ungo mpaka ikauke, tukaanza upya. Mahali pamoja ilichanika, kijistari kama mkwaruzo wa paka, na mama akaiziba kwa kipande cha karatasi ya sukari na gundi ya unga wa muhogo. Katikati, palipokuwa na waya mwembamba uliozungushwa, bibi alikataza tusiguse kabisa. "Hapo ndipo roho yake," alisema. Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, nilifundishwa jina sahihi la sehemu ile. Nimelisahau.

Haikutoka yote. Tulipowasha, msemaji alisikika, maneno yakieleweka ukikaa karibu, lakini puani, kama mtu mwenye mafua makali.

Baba alirudi. Mama hakumngoja akae. Alimshika bega pale mlangoni, akaweka mdomo sikioni mwake, akasema kwa nguvu mpaka nadhani hata kule Magamba, mbali na kwetu, walisikia: "Redio nimeipaka rangi. Mpaka ndani. Imeharibika."

"Ya nini?"

"Mchwa."

Baba akaenda, akafungua ubao wa nyuma, akatazama kwa muda mrefu. Rangi iliyobaki kwenye mikunjo bado ilionyesha mistari ya unyoya. "Mama Sabina," alisema, akimwita kwa jina langu, "hata mlango wa bosi haukupakwa vizuri hivi." Kisha akaiwasha, akaegemeza shavu lake. Tulimtazama uso. Haukubadilika. Akasogeza kichwa huku, akakisogeza kule, akafumba macho. Mwishowe akainuka, akatabasamu kwa ile adabu aliyowatolea watu wa nje, ambayo sisi hatukuwahi kutolewa hata siku moja.

Mama alivuta kigoda. Akaweka sikio lake kwenye kile kitambaa chenye doa, akasikiliza, halafu akageuka, akaweka mdomo sikioni mwa baba, akamwambia kwa Kikonongo, lugha yetu ya nyumbani. "Gavana amefungua daraja."

"Wapi?"

Akasikiliza tena. "Mbali. Na ana mafua."

Baba akacheka mpaka akashika meza.

Ikawa hivyo kila jioni, mpaka redio yenyewe ilipokufa. Dunia nzima ilimfikia baba kupitia mama, ikiwa na mafua, na nyongeza za mama kuhusu nani amekonda na nani anadanganya. Jikoni niliachiwa mimi.

Leo sebuleni kwangu kuna spika mbili ndefu, safi, zinazotoa hata pumzi ya mtangazaji. Masikio ya mume wangu nayo yameanza kuchoka. Juzi aliniuliza kutoka chumba cha pili taarifa imesema nini. Nikamjibu. Akauliza tena. Nikamjibu kwa sauti ya juu zaidi, kitabu mapajani, bila kuinuka. Akasema, "Haya," kwa adabu kabisa.

Ilinichukua muda kuitambua adabu ile. Nikafunga kitabu, nikamfuata alipo.