Mkwe Aliyetoka Kwenye Filamu

Kila asubuhi, kabla pasi haijapata moto, Shangazi hufuta kioo cha televisheni kwa kitambaa kibichi. Husema vumbi likibaki, watu wa nchi za watu wataonekana hawajaoga, na huko ni kuwasingizia. Kisha huwasha filamu, hutandika shati la mteja mezani, kazi ikaanza. Amepiga pasi katika chumba kile cha mbele akiangalia filamu za ng'ambo mpaka wateja wakambandika jina la Balozi.

Kwa hiyo binti wa kaka yake, aliyemlea mwenyewe, alipomwambia kwamba amechumbiwa na kijana wa huko huko kwenye filamu, na kwamba mama wa kijana anakuja kuwaona, Shangazi hakubabaika. Binti ndiye aliyekaa roho juu. Mama yule alikuwa bado hajakubali. Alitaka kwanza kuona mwanawe anaoa kwa watu gani.

Shangazi alimwambia alale usingizi. Akahamisha marundo ya nguo, akapigilia msumari karibu na mlango kwa ajili ya koti la mgeni, akaweka maua katikati ya meza. Lakini siku yenyewe, binti alikuta jikoni sufuria moja tu ya kuku na viazi, tena ile ndogo kabisa.

"Usinikodolee macho," Shangazi akasema. "Hawa watu hawali. Anagusa uma, anamega kidogo, mara kanyanyuka, huyoo, kaenda zake. Sijaona hata mmoja kumaliza sahani. Tukiwarundikia tutaonekana washamba."

Binti ni mtu wa vitabu. Kubishana hakuwezi. Akapanga sahani mezani, na sufuria kando.

Mgeni akaja na mwanawe, ambaye ndiye mkalimani. Koti lilipotundikwa msumarini mgeni akatabasamu, na Shangazi akamkonyeza binti. Wakaketi. Mgeni akaitazama sahani yake, akaitazama ya Shangazi, akaweka mikono mapajani. Shangazi naye, kwa adabu za kwenye filamu, akaushika uma, akaugeuza geuza, akausukuma pembeni pamoja na sahani. Binti akaona uchumba wake unapoa pamoja na mchuzi.

Halafu tumbo la mgeni likanguruma kama lori linalopanda mlima.

Mama wa watu akaona haya, akamnong'oneza mwanawe, naye kijana akajifunika uso kwa kiganja. Ikabidi aseme ukweli. Mama yake aliposikia habari za uchumba alitafuta filamu za huku, asije akaaibika ugenini. Na katika kila aliyoiona, mtu akila kwa wakwe alikuwa amewekewa sumu. Basi alikuwa anangoja mwenye nyumba atangulie kula, na mwenye nyumba kaisukuma sahani.

Shangazi alicheka mpaka akashika meza. Akachukua kipande cha kuku kutoka sahani ya mgeni, akatafuna, akameza, akafungua mdomo kuonyesha kwamba kimeshuka.

"Mwambie mkwe," akamwambia kijana, "mimi nikikusudia kuua mtu, pasi ninayo."

Kijana alisita, kisha akatafsiri. Mama yake akavunjika mbavu. Akala, akapangusa sahani ikang'aa, akachungulia sufuria. Hola. Hapo Shangazi akakimbilia jikoni, na mgeni nyuma yake, mikono ya gauni kaikunja. Wakamenya viazi kwa kuelewana kwa vidole na vicheko, mkalimani akabaki kuosha vyombo. Wakati wa kuaga, mgeni alimkumbatia binti muda mrefu, akamwita mwanangu kwa lugha yao. Hilo halikuhitaji kutafsiriwa.

Kesho yake asubuhi Shangazi alikuwa tena na kitambaa chake mbele ya kioo. Binti akajikaza, akamuuliza: kwa hiyo miaka yote hii, filamu zimemfundisha nini kuhusu watu wa kule?

Shangazi alifikiri huku akifuta.

"Nimejua wanatundika koti wapi," akasema. "Kula kwao sikujua. Kamera huwa inaondoka kabla hawajamaliza."