Siku Bomba Langu Lilipovuta Maji ya Kilindi

Nilifunga duka Jumamosi, siku ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo hafungi labda awe amefiwa. Sababu ilikuwa dada yangu Zuhura, mkulima wa mwani upande wa Kigamboni. Siku hizi maji ya ufukweni yana joto mno, mwani wake unalainika na kukatika. Kikundi chao kilipata pampu ya kuvuta maji ya kilindini, ambayo ni baridi na yana rutuba, ili waukuze ndani ya matangi. Bomba la kupitishia maji hayo walinunua dukani kwangu. Dada aliapa kwamba maji yasipotoka baridi siku hiyo, anaachana na bahari, anakuja kukaa nami dukani.

Magogoni asubuhi nilipanda pantoni nikiwa na kimuhemuhe cha Idi. Kila aliyenisogelea nilimwambia bomba langu liko baharini. Mama mmoja akahama kiti.

Ng'ambo, bodaboda alinishusha ufukweni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Wahi, wanawasha!"

Pampu ikanguruma, maji yakamwagika tangini, tukapiga vigelegele. Dada akatia mkono. Uso ukamshuka.

"Haya ya kuogeshea mtoto," alisema.

Nilitamani mchanga unimeze. Fundi wa pampu akalifuata bomba kutoka tangini hadi majini, akaligusa, akaruka.

"Aisee, linaunguza hili!"

Kumbe maji yalipanda na ubaridi wake, yakapashwa moto juu ya mchanga, ndani ya bomba jeusi lililoanikwa juani. Na weusi huo niliusifia mwenyewe, eti ndio unaodumu.

"Tulifukie!" dada akapaza sauti. Tukachimba kwa majembe, kwa vifuu, kwa sahani za wali. Shati langu la dukani likaharibika, wala sikujali.

Adhuhuri pampu iliwashwa tena. Dada alitia mkono, akauchomoa upesi, akanimwagia maji usoni. Yalikuwa baridi kama soda iliyotoka kwenye barafu!

"Umeona, mdogo wangu? Umeona?" Alikuwa anacheka na kulia. Kisha akachukua kamba, akaanza kufunga mbegu za mwani, akanisahau kabisa.

Jioni nilivuka kurudi mjini. Nimejifunza kumuuliza mteja bomba litalala wapi kabla sijalisifia. Dukani nilikuwa nimeshamwekea dada kiti karibu na feni. Nilikikalia mwenyewe, nguo zimeganda chumvi, na sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosa msaidizi.