Ukurasa wa Dada

Kila sikukuu, karani wa maktaba huja kwa mama yake na hadithi mpya aliyoiandika mwenyewe, akiwaendeleza wahusika wa filamu iliyowapagawisha yeye na dada yake tangu utotoni. Huisoma sebuleni kwa sauti ya chini, akilowesha kidole kila anapofunua. Ukurasa wa mwisho huuacha mtupu ili dada aandike mwisho wake, na dada hakukosa kumfufua mhusika yeyote ambaye karani alimuua.

Mwezi uliopita walimzika dada. Leo karani alisoma mpaka akaukuta ukurasa mtupu, aliokuwa ameubana na kurasa nyingine kwa mazoea.

“Nimesahau, mama.”

“Usiuchomoe, mwanangu. Usome.”

Akalowesha kidole, akaushika mbele ya macho, na sebule nzima ikasikiliza.